Robo Tatu ya Mzunguko

Ukilitazama gari la baba mdogo kwa nyuma, utaona kuna kitu hakijakaa sawa. Ni Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, na magurudumu yake ya nyuma yamechomoza nje ya bodi kama mtu aliyesimama amepanua miguu. Ya mbele yako ndani, pale yalipowekwa kiwandani. Watoto wa mtaani kwetu Tabora waliliita Bata. Baba mdogo alicheka tu, akapiga honi, akaendelea na safari zake.

Alipofariki, gari lilibaki uani kwa mama. Kaka alitaka liuzwe kama chuma chakavu. Mama hakutaka hata kusikia. Ana mizinga ya nyuki msituni upande wa Ipole, kusini mwa Sikonge, na asali haitembei yenyewe hadi barabarani. Mimi nilipewa kazi ya kumtafuta fundi atakayesema ukweli: gari hili bado linaweza kuingia porini, au tunalea kumbukumbu tu?

Fundi niliyempata ni mzee wa Kinyamwezi, wa zile enzi za kurekebisha magari kwa kusikiliza. Nilimwamkia, akaitikia, akalala chali chini ya gari bila kuuliza jingine. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka, swali lake lilikuwa fupi.

"Mwanangu, shafti ya mbele iko wapi?"

Ilikuwa stoo, imening'inizwa darini, imepakwa grisi na kuviringishwa kwenye gunia. Nyumbani tuliamini imeharibika na inasubiri spea. Fundi aliifungua, akazungusha viungo vyake kwa mkono, akatikisa kichwa. Shafti ilikuwa nzima kabisa.

"Huyu aliitoa kwa makusudi," alisema. "Njoo tuhesabu."

Aliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lile jingine akalizuia kwa mawe, akaiweka gia huru. Akachora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye shafti. Mimi nilizungusha tairi mizunguko miwili kamili, yeye akahesabu mizunguko ya shafti. Kwa nini miwili? Kwa sababu gurudumu moja likiwa limezuiwa, lile lililo hewani huzunguka mara mbili difu inapozunguka mara moja. Shafti ilizunguka mara tatu na nusu na ushee. Tukahamia mbele, tukaweka alama pale shafti inapofungwa kwenye difu. Huko ilikuwa mara nne na karibu robo tatu.

Hapo ndipo gari lilipoanza kueleweka. Series III ilitoka na difu za 4.7, mbele na nyuma. Ekseli iliyokuwa nyuma ya gari letu ilikuwa ya One Ten, ndugu yake mdogo aliyeanza kuuzwa mwaka 1983, yenye difu ya 3.54. Ndiyo maana ilikuwa pana zaidi, karibu sentimita nane kila upande. One Ten inakalia springi za koili, yetu inakalia springi za majani, kwa hiyo mtu alikata vishikio vya zamani na kuchomelea vingine. Kovu za kuchomelea zilikuwa safi, zimenyooka.

Faida yake ni hii: kwa mwendo uleule, injini inazunguka pungufu kwa robo nzima. Kwenye lami gari linapumua. Hasara yake iko kwenye mchanga. Ukiunganisha magurudumu yote manne, shafti ya mbele na ya nyuma hulazimika kuzunguka sawa. Gurudumu la nyuma likimaliza mzunguko mmoja, la mbele limefika robo tatu tu. Gari moja linataka kwenda mwendo wa aina mbili. Ama matairi yateleze, ama chuma kivunjike. Baba mdogo aliichagua lami, akaondoa shafti ili asije mtu mwingine akavuta gia na kupasua giaboksi.

Nilikaa kwenye tairi kuukuu nikiwaza. Miaka yake ya mwisho alikuwa akibeba watu na mizigo kati ya Tabora na Sikonge, na lami ilikuwa imefika. Msituni hakuwa anaenda tena. Alikuwa amelishonea gari nguo ya safari zake mwenyewe, na sasa nguo hiyo tumeachiwa sisi wenye safari nyingine.

Tabora ni mji uliozaliwa na swali hilihili: nini kibebe nini, kwa njia ipi? Burton na Speke walipofika hapa mwezi Novemba 1857, mji wakiuita Kazeh, bidhaa zote kutoka Bagamoyo zilikuwa zimepita mabegani mwa watu. Nyumbu, punda na maksai walikuwa wakifa kwa ndorobo. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walijaribu kuja na magari ya kukokotwa na maksai. Maksai walikufa, magari yakaachwa, na walipofika Ujiji mwaka 1878 mizigo yao ilikuwa imebebwa na wapagazi. Gari lililojengwa kwa ajili ya nchi nyingine lilishindwa na njia. Mnyamwezi aliijua njia. Alivuna shamba kwanza, akaondoka kiangazi, akabeba karibu frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushee, akafuata nyayo za aliye mbele yake kwenye kijia cha upana wa mtu mmoja.

Ndoo ya lita 20 ya asali ina uzito wa karibu kilo 28. Nilipopiga hesabu hiyo, niliona bega la mpagazi limo ndani ya kila ndoo ya mama.

Jioni tuliketi uani: mama, kaka, mimi na fundi. Kaka alisema turudishe ekseli ya zamani, gari liwe la porini kama lilivyozaliwa. Fundi alimjibu kwa utaratibu kwamba ekseli hiyo haipo, kuitafuta ni gharama, na kukata upya zile kazi za kuchomelea ni kuharibu kitu kizima. Njia nyingine ilikuwa kuacha nyuma kulivyo na kubadilisha kichwa cha difu ya mbele peke yake. Cha Range Rover ya zamani ni cha 3.54, na kinaingia kwenye ekseli yetu. Shafti irudi mahali pake. Gia nzito itapungua uzito, lakini itatosha.

"Itatosha ndoo thelathini?" mama aliuliza.

"Kwenye mchanga, hapana, mama. Na haya matairi ya nyuma hayafuati ya mbele. Kila moja linajichimbia njia yake. Pakia ishirini, urudi tena."

Mama alinyamaza kidogo. "Basi tutarudi tena," alisema. "Marehemu alifanya nusu. Malizieni nusu."

Kaka hakupenda, lakini alichangia pesa. Kichwa cha difu kilipatikana baada ya wiki kadhaa za simu, na kazi ikachukua siku mbili. Fundi aliinua tena gurudumu, akachora tena chaki, tukahesabu mbele na nyuma. Zilikuwa sawa. Ndipo akaifunga ile shafti iliyokuwa darini.

Kabla ya kulishusha gari, aliomba rangi nyeupe na kijiti. Akaandika 3.54 kwenye chuma cha ekseli ya nyuma, kisha ya mbele, kwa tarakimu kubwa. Nilimuuliza za nini, maana sisi tumeshajua.

"Nyinyi mnajua," alisema, akifuta mikono. "Ninamwandikia atakayelala hapa chini baada yenu."