Mashine pepe, kontena na daftari la mama

Nimepotea kidogo, nisameheni. Kazi zilinibana, halafu kuna jambo lilinitokea hapa nyumbani Mowlem ambalo nilikuwa naona haya kulieleza. Leo nimejipa moyo. Tena jamaa kadhaa wanaoanza kazi hii wameniuliza: kati ya majukwaa ya mashine pepe tuchague lipi, na je, Kubernetes inafaa kwa ofisi ndogo? Nitajibu, ila mtanivumilia nipitie kwa mama yangu kwanza.

Kwa wasiopafahamu, Mowlem ni mtaa wa Eastlands, Nairobi, jirani na Dandora, Umoja na Kariobangi South. Magorofa yamebanana mpaka unaweza kusikia jirani wa jengo la pili akikoroga ugali. Tunaishi ghorofa ya tatu, mimi, mama na dada yangu mdogo, na stima yetu ni ya tokeni. Hilo la tokeni likumbukeni.

Nilipomaliza shahada ya sayansi ya kompyuta nilijinunulia seva kuukuu, Dell PowerEdge R710, aina iliyotoka mwaka 2009. Tuliipandisha ngazi watu wawili tukihema, na ilipowashwa ilinguruma kama kinu cha posho. Nikaiwekea ESXi ya VMware, ile ya bure, kwa sababu ndiyo tuliyokuwa tukitumia kazini.

Asiyejua mashine pepe afikirie ploti ya nyumba za kupanga. Kompyuta ni moja, lakini imegawanywa nyumba kadhaa, kila mpangaji na mlango wake, jiko lake na choo chake. Kila mashine pepe ina mfumo wake mzima wa uendeshaji na haijui kama kuna jirani. Kontena ni zile nyumba za chumba kimoja ambapo bomba na choo ni vya pamoja. Zote zinatumia keneli moja ya Linux, kwa hiyo ni nyepesi, unaweza kupanga nyingi, lakini bomba likikauka limekauka kwa wote.

Basi seva yangu ilikaa miezi miwili, mama akaanza kuuliza maswali. Tokeni za mwezi zilikuwa zinaisha kabla ya wiki ya pili. "Hicho chuma chako kinakula nini?" Nikaazima kifaa cha kupimia umeme, nikakuta wati 170 ikiwa haifanyi lolote la maana. Pigeni hesabu: wati 170 kwa saa 24 kwa siku 30 ni zaidi ya uniti 122. Na kwa mpangilio wa bei uliowekwa mwaka 2023, nyumba inayotumia chini ya uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa kwa kila uniti, na inayopita 100 hulipa ya juu kabisa. Yaani seva peke yake ilikuwa imetupandisha daraja! Hakuna kitabu cha chuo kilichoniambia kwamba kuchagua jukwaa kunaanzia kwenye mita.

Chuma chenyewe kilijiamulia mambo. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia gizani. Iliporudi, friji iliwaka, televisheni ikawaka, R710 haikuwaka. Mama hakusikitika, na sitasema uongo, hata mimi nilipumua.

Nikaenda mjini, Moi Avenue, kwenye maduka ya kompyuta za eksi-UK, nikanunua Lenovo ThinkCentre ndogo mbili, zile za ukubwa wa kitabu kinene. Kila moja ilikula wati kama 12 ikiwa imetulia. Hapo swali la jukwaa likarudi, na safari hii dunia nzima ilikuwa inaliuliza. Novemba 2023 Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware. Desemba wakaacha kuuza leseni za kudumu, ikawa ni kulipia kwa muda tu, na Februari 2024 wakaiondoa ESXi ya bure. (Waliirudisha Aprili 2025, lakini wengi tulikuwa tumeshahama.)

Mimi nilihamia Proxmox. Ni programu huria inayotengenezwa Vienna, Austria, tangu mwaka 2008. Ndani yake ni Debian ya kawaida, mashine pepe zinaendeshwa na KVM iliyoingia kwenye keneli ya Linux mwaka 2007, na kontena zinaendeshwa na LXC. Nilichokipenda si kwamba ni bure. Nilipenda kwamba ikikorofisha naweza kuifungua na kutazama ndani kwa amri nilizozizoea. XCP-ng nayo niliijaribu wikendi mbili, ni nzuri, ila Debian naijua kama njia ya kwenda stendi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuunganisha zile mbili kuwa klasta. Moja ilipozimika, ya pili ikakataa kuwasha mashine yoyote. Nikakasirika, nikatafuta hitilafu usiku kucha, kumbe haikuwa hitilafu! Ilikuwa akidi. Mama alinielewesha bila kujua, maana ni mweka hazina wa chama chao cha akina mama 14 hapa mtaani. Wasipofika zaidi ya nusu hawaamui kitu, la sivyo kikundi cha jikoni kingepitisha lake na kikundi cha sebuleni lake. Klasta ni hivyo hivyo. Kati ya nodi mbili, zaidi ya nusu ni zote mbili, kwa hiyo ikianguka moja umekwisha. Tatu zinavumilia kuangusha moja, tano zinavumilia mbili. Nikanunua ya tatu. Zote pamoja zilikuwa wati 36, kama uniti 26 kwa mwezi, na mama akaridhika nusu.

Sasa tuje kwenye haya yangu.

Nilimwandikia mama programu ndogo ya chama. Kila Jumapili kila mmoja hutoa shilingi 500, kuna mikopo, kuna faini za kuchelewa. Programu ilikuwa inafungua kwenye simu yake, na mwanzoni mwa 2025 nilimwambia aache kuandika kwenye daftari. "Mama, tuko karne gani?" Akaandika hadi Machi, halafu akaniamini, akaacha.

Mimi nami nilikuwa nimenoga. Programu ile ingetosha kwenye kontena moja, lakini niliiweka juu ya Kubernetes, kwa sababu nilitaka kujifunza kwa ajili ya kazi. Nilitumia K3s, toleo jepesi lililotoka mwaka 2019. (Kubernetes ni Kigiriki, maana yake nahodha. Siku hiyo nahodha nilikuwa mimi, na nilikuwa sijui kuogelea.) Uendeshaji wote nilimwachia Ansible: unaandika faili la maagizo, unabonyeza, naye anaingia kwenye kila nodi kuiweka sawa. Ningeweza kubomoa kila kitu na kukijenga upya kwa dakika tisa. Nilijivuna sana kwa hizo dakika tisa.

Jumamosi moja ya Mei stima ilikatika ikarudi, ikakatika ikarudi. Nodi moja haikurudi vizuri. Ilikuwa saa tano usiku, na kesho yake chama kinakutana kwetu. Badala ya kutazama kilichoharibika nikabonyeza faili langu la kuanza upya. Hatua yake ya kwanza ilikuwa kufuta nemspesi nzima ya chama na kuiunda tena. Ansible akamaliza, rangi za kijani na njano tu, makosa 0. Programu ikafunguka safi kabisa. Safi mno. Wanachama 0, mikopo 0.

Kilichotokea ni hiki, na nakiandika kirefu makusudi kwa sababu kinaweza kukupata. K3s ikikupa nafasi ya kuhifadhi data kwa njia yake ya kawaida, nafasi ile ni folda kwenye diski ya nodi, na imewekewa sheria kwamba ombi la nafasi likifutwa na data ifutwe. Ukifuta nemspesi umefuta maombi yote yaliyomo. Nilikuwa na kazi ya kila usiku ya kutengeneza nakala rudufu, ndiyo, lakini nakala zenyewe zilikuwa zinaandikwa kwenye nafasi nyingine ndani ya nemspesi ile ile! Nilikuwa nimefunga ufunguo wa akiba ndani ya nyumba. Na Proxmox, ambayo ingeweza kunihifadhia nakala ya mashine nzima kila usiku, sikuwa nimeipangia, kwa kuwa nilijiambia nodi tatu ni bekapu tosha. Nodi tatu hukukinga na nodi kufa. Amri yako mwenyewe zinaitii zote tatu.

Nilimwamsha mama saa saba usiku. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alivaa miwani, akatoa daftari chini ya godoro, akasema, "Leta simu yangu tusome ujumbe wa M-Pesa." Tulikaa hadi alfajiri. Daftari lilifika Machi, ujumbe wa simu ukajaza sehemu kubwa ya wiki zilizofuata. Waliolipa kwa pesa mkononi ndio waliotushinda. Asubuhi akina mama walipofika, mama alisimama akawaeleza mwenyewe, bila kunitaja, kwamba hesabu zimepotea na kila mmoja aseme alicholipa. Kulikuwa na mama mmoja muuza mboga aliyesema amerudisha mkopo shilingi 2,500 taslimu, na hakukuwa na popote pa kuthibitisha. Wengine walitazamana. Nilizilipa mimi, na nadhani alikuwa anasema kweli, lakini yale macho ya kutazamana sijayasahau. Yule mama hakuwa amekosea kitu chochote.

Jumatatu nilikuwa na kikao kazini. Tunatengeneza mifumo ya sacco ndogo na shule, na bosi alikuwa ameniagiza nipendekeze tuhamie wapi. Nilikuwa nimeandaa slaidi nzuri: kila kitu ndani ya Kubernetes, hifadhidata zikiwemo, otomatiki mwanzo mwisho. Nilizifuta kwenye matatu.

Nilichopendekeza ni hiki. Proxmox kwenye seva tatu tulizo nazo. Mashine za zamani zihamishwe kutoka ESXi kwa kile chombo cha kuhamishia ambacho Proxmox walikitoa mwaka 2024, na kwetu kilifanya kazi isipokuwa kwa Windows mbili zilizohitaji madreva. Hifadhidata za sacco zikae kwenye mashine pepe za kawaida, nje ya klasta ya kontena. K3s ibebe zile sehemu zisizohifadhi kitu, kurasa na huduma ndogo ndogo, ambazo ukizifuta usiku zinazaliwa asubuhi. Nakala ziende kwenye mashine iliyo jengo lingine, yenye nywila ambayo Ansible haijui.

Bosi aliuliza kwa nini tusiweke kila kitu wingu tukalala. Ni swali halali. Lakini bili ya wingu huja kwa dola, na Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160 hivi kabla ya kushuka hadi karibu 130. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota, na sacco ya Nairobi haipaswi kushindwa kumlipa mwanachama wa Nairobi kwa sababu ya waya uliokatika huko mbali. Wingu tumeliachia nakala moja iliyofungwa kwa siri. Kama wateja wako wako nchi tano, hesabu yako itakuwa nyingine.

Huku nyumbani programu ya chama sasa iko kwenye kontena moja ya LXC. Hakuna nahodha. K3s bado ninayo kwa mazoezi, na faili la maagizo sasa linasimama na kuniuliza niandike jina la nemspesi kwa mkono kabla ya kufuta. Mama amerudi kwenye daftari, na sikumbishia. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi narudisha nakala kwenye mashine tupu, naye anakaa pembeni akisoma mistari kumi anayoichagua mwenyewe, mimi namtafutia kwenye skrini. Mwezi uliopita ulikuwa na tofauti moja, faini ya shilingi 50, na daftari ndilo lililokosea. Alilisahihisha kwa kalamu nyekundu, akaniuliza kama tokeni zitafika Jumatano.