Metali Zilizooana

Kila mkusanyaji ana kitu cha kwanza kilichomwingiza katika mapenzi yake. Wengine huanza kwa urithi, wengine kwa ununuzi. Mimi nilianza kwa kosa.

Nilipokuwa mwanafunzi nchini Meksiko nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane katika mji wa Taxco, jimbo la Guerrero. Mji huo ni wa masonara. Mwaka 1931 Mmarekani William Spratling alifungua karakana huko, na baadhi ya mafundi waliojifunza kwake walianzisha karakana zao wenyewe. Ndugu wa ukoo wa Castillo walianzisha yao mwaka 1939, wakasifika kwa ufundi uitwao metali zilizooana. Fedha, shaba nyekundu na shaba ya manjano hukatwa kwa msumeno mwembamba, vipande vikapangwa ubavu kwa ubavu, vikaunganishwa kwa lehemu, kisha vikasuguliwa hata kidole kisihisi mpaka baina yao. Hakuna metali inayompanda mwenziwe. Hiyo ndiyo maana ya ndoa ile.

Chumbani mwangu palitundikwa samaki wawili wa ufundi huo. Walikuwa wameingia weusi, nami nikadhani ni uchafu. Nikitaka kumlipa mama yule wema kwa wema, nilichukua ndimu, chumvi na majivu, kama bibi yangu alivyosafisha sinia zake, nikawasugua asubuhi nzima hata wakang'aa. Mama alipoingia alisimama kimya. Halafu akanieleza kwa upole kwamba weusi wa katika mikato ya magamba ulitiwa na fundi kwa dawa, na uliobaki uliletwa na miaka. Na marehemu mumewe, aliyewaleta samaki wale mwaka wa arusi yao, hakupata kuwafuta ila kwa kitambaa kikavu.

Siku nilipoondoka aliwafunga katika gazeti akanipa. Nilikataa. Akasema, "Chukua, mwanangu. Mimi siwatambui tena."

Tangu hapo nimekusanya mapambo manane ya ukutani ya aina hiyo. Wageni hunishauri kuyasafisha. Mimi huwaonyesha samaki wawili, nikawaambia kuwa mkusanyaji ni mlinzi wa umri wa kitu kabla hajawa mwenye mali. Weusi wa miaka umeanza kuwarudia samaki wale. Ule wa fundi haurudi, wala mama yule sikuweza kumrudishia alichokuwa akikitazama.