Kibaraza cha Kutazamia Saanane

Kwetu Misungwi, tulipokuwa wadogo, neno likizo lilikuwa na maana moja tu: kwenda kwa bibi. Hakuna aliyeuliza tutalala wapi. Jioni mkeka ulitandikwa, wajukuu saba tukalazwa kama dagaa juani, wa katikati akivuta shuka na wa pembeni akilia baridi. Asubuhi jembe begani, tukaingia kwenye pamba. Basi, hiyo ndiyo likizo.

Siku hizi mambo yamegeuka, ndugu msomaji. Watu wanapanga nyumba nzima kwa siku tatu, nyumba yenye jiko, sufuria na vitanda vilivyotandikwa, karibu na mahali wanapotaka kutembea. Picha zinakuja kwenye simu, unachagua kama unavyochagua shati mnadani. Dada yangu alipopiga simu kutoka Dar es Salaam kwamba anakuja Desemba na watoto wake watatu, aliniambia maneno mawili: "Tafuta nyumba." Kwa vile mimi ndiye ninayesoma chuo Mwanza mjini, ikaonekana najua kila kichochoro.

Watoto wale ni wa Dar. Wameshateleza kwenye mabomba ya maji kule Kunduchi, wameshapanda mabembea ya umeme, kwa hiyo kuwaambia waje kutazama mawe ya Usukumani ni sawa na kumwita mtu harusini ukampa uji. Lakini sisi nasi tuna chetu. Tuna Saanane.

Kwa asiyejua, Saanane ni kisiwa kilichokaa ndani ya mkono wa ziwa, hapo hapo mbele ya mji. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Ni hifadhi ndogo kuliko zote za Tanzania: kilomita za mraba 2.18, na hapo maji yanayokizunguka yamo kwenye hesabu. Unapanda boti pale Capri Point, dakika chache tu umefika. Kuna swala pala, pundamilia, tumbili, pimbi wanaoota jua juu ya mawe kama wazee wa baraza, na mamba ambao ni vizuri zaidi kuwaona kwa mbali.

Sasa utaniuliza: Misungwi na Mwanza ni kama kilomita 45, lami tupu, kwa nini msiende asubuhi mkarudi jioni? Swali zuri. Kama ni mimi na washikaji zangu, tungekwenda na kurudi na bado tungewahi mpira kijiweni. Lakini safari hii ilikuwa na watoto watatu, dada, mama, mimi, na juu ya wote, bibi. Bibi magoti yake hayataki daladala mara mbili kwa siku. Na yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Na mimi nataka likizo." Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa likizo yetu. Nani angethubutu kumkatalia?

Nikaanza kuzunguka.

Kwanza niliangalia gesti, maana ndizo tunazozijua. Karibu na stendi ya Nyegezi zipo tele na bei yake mtu wa kawaida anaiweza. Lakini hebu tazama gesti zetu zilivyo. Chumba, kitanda, ndala mbili, kipande cha sabuni. Zimejengwa kwa ajili ya mtu aliye njiani: mfanyabiashara anayesubiri basi la alfajiri, au wawili wasiotaka kuulizwa majina. Familia ya watu saba ukiiingiza gestini inakatwa vipande vipande, kila kipande na ufunguo wake. Pa kukoroga uji wa mtoto hakuna, na pa kukaa pamoja jioni ni ukumbini, chini ya televisheni, na watu usiowajua.

Halafu nikaona nyumba ya maana, Capri Point, chini kabisa, ua wake unashuka hadi majini. Kwenye picha ilikuwa kasheshe! Dada alipoiona alipiga kelele kwenye simu. Nilikwenda kuikagua kwa miguu yangu. Maji pale yametulia, yana majani, yale maji ambayo kila mtoto wa ziwani ameonywa kwamba ndiko konokono wa kichocho wanakokaa. Watoto watatu wa mjini, ua usio na uzio, maji yakiwaita toka asubuhi! Nani angelala usingizi? Nikamwambia dada hapana. Akanuna siku mbili. Poa tu, kununa hakuzamishi mtu.

Ya tatu ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu haikuwa ya kupanga. Mama mdogo anakaa Mabatini, mlimani katikati ya mawe, nyumba ya vyumba viwili na moyo wa vyumba kumi. Alipopata habari kwamba tunatafuta nyumba ya kulipia alinipigia. Nikamwamkia, "Shikamoo mama mdogo," akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

"Kwa hiyo siku hizi kwangu hapalaliki?"

"Siyo hivyo, mama. Ni magoti ya bibi, ngazi za kule kwako..."

"Mama yangu akija mjini akalala kwa watu kwa hela, majirani watasema mimi ni mtu gani? Watasema nimemfukuza mzazi!"

Sikuwa na jibu. Ninyi mnaosoma haya mkiwa mjini mnajua jambo hili. Mwenzetu wa nchi za mbali akipanga nyumba ya likizo anahesabu vyumba na bei, basi. Sisi tunahesabu na ndugu. Kila nyumba unayoilipia mjini, kuna mlango wa shangazi au mjomba uliopita mbele yake bila kubisha hodi. Njia ya kwenda kwa mama mdogo kweli inapanda mawe matupu, bibi asingeifika bila kubebwa. Lakini aibu haina magoti, inapanda popote.

Na lilikuwepo jambo jingine ambalo nyumbani hatulisemi kwa sauti. Bibi hapandi chombo cha majini.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama asubuhi ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Mamia kwa mamia ya watu walikufa, na wengi wao wamelala Igoma, hapo mjini. Mdogo wake bibi, kaka mtu wa pekee aliyekuwa amebaki, alikuwemo, akirudi kutoka Bukoba. Tangu siku hiyo bibi hajakanyaga mashua, wala kivuko. Kigongo ipo wilayani kwetu, ng'ambo yake ni Busisi, na dada yake bibi aliolewa upande ule wa Sengerema. Miaka yote hiyo hakuvuka kumwona. Dada mtu ndiye aliyevuka kuja. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, kama kilomita tatu juu ya maji, bibi alivaa khanga mpya akapita ndani ya gari akiwa amefumba macho. Alipoambiwa wamefika akafumbua, akasema, "Kumbe ni barabara tu."

Daraja la kwenda Saanane halipo. Kwa hiyo nilijua toka mwanzo kwamba siku wenzake watakapokwenda kuona wanyama, bibi atabaki. Hapo ndipo hesabu yangu ya kuchagua nyumba ilipobadilika. Wote waliokuwa wananishauri walipima umbali kutoka nyumba hadi kwenye boti: hii dakika tano, ile dakika kumi na tano. Lakini anayekwenda kutembea, nyumba kwake ni mahali pa kutupa mkoba. Hata ingekuwa mbali kidogo, atafika. Nyumba ni ya yule anayebaki. Yeye ndiye atakayeikaa kutwa nzima, yeye ndiye atakayehesabu kuta zake.

Nikaanza upya, safari hii nikitafuta kwa macho ya bibi. Kiti kitawekwa wapi? Atatazama nini? Ngazi ngapi hadi chooni? Jiko liko karibu aweze kugombeza wapishi? Nikaulizia kama maji yanapanda mlimani kila siku au wanategemea tangi, kama madirisha yana nyavu, kama jirani ana baa. Wenye nyumba wengine walinicheka, wakadhani nataka kununua.

Nikaipata mwishoni. Banda la uani, nyuma ya nyumba kubwa, Capri Point hiyo hiyo ila juu kidogo, mbali na maji. Vyumba vitatu vidogo, bati linalopiga kelele mvua ikinyesha, ngazi mbili tu, na mbele yake kibaraza cha saruji. Picha yake kwenye simu ingekufanya upite haraka. Lakini ukikaa kwenye kile kibaraza, Saanane yote iko mbele yako, mawe na miti yake, na boti unaiona ikitoka hadi ikitia nanga. Bei ilikuwa nusu ya ile ya chini.

Lilibaki la mama mdogo. Mama yangu ndiye aliyelitatua, na alilitatua kikubwa. Siku ya kuhamia hatukwenda kwenye nyumba. Tulikwenda Mabatini, bibi akasubiri barabarani kwenye gari, mama akapanda mawe na ufunguo mkononi. Akampa mdogo wake. "Nyumba ni hii, mwenyeji ni wewe. Tupokee." Mama mdogo alisimama kidogo, kisha akaingia ndani akatoka na sufuria lake kubwa, michembe ya zawadi na kitenge begani. Yeye ndiye aliyefungua mlango wa Capri Point, yeye ndiye aliyetukaribisha, na usiku alilala na mama yake chumba kimoja. Siku tatu zote hakuna aliyekumbuka nani amelipa.

Asubuhi ya pili wenzetu walipanda boti. Mimi nilibaki kibarazani na wale wakubwa wawili. Bibi hakuitoa macho ile boti mpaka ilipofika, midomo yake ikicheza bila sauti. Ilipotia nanga akashusha pumzi, akaomba chai.

"Mume wangu," akaniita, kwa utani wake, "hicho kisiwa mbona kina jina la mtu?"

Nikamweleza ninachojua: kwamba ni jina la mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi, ambaye kisiwa kilikuwa makazi yake kabla ya serikali kukichukua kwa ajili ya wanyama.

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo watoto wamekwenda kwa Saanane, na mwenyewe hayupo."

"Hayupo, bibi."

"Basi wakirudi waulize kama walipiga hodi."

Mama mdogo alicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nilicheka pia, lakini neno lile limenikaa. Wewe unayesoma, siku ukitumwa kutafuta nyumba ya likizo, utaambiwa upime umbali, bei na vitanda. Pima, ni halali. Ila kabla hujatoa hela, kaa kwanza kwenye kiti cha yule atakayebaki, utazame anachokiona. Na ukiwa na ndugu katika mji huo, ufunguo uanzie kwake. Nyumba unaweza kuipanga. Mwenyeji hapangishwi.