Nyumba ya Mchwa

Mwezi wa Juni na Julai usiku wa Songea ni wa baridi, kwa kuwa mji umekaa zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari; kisha Oktoba huja na jua la kuchoma kabla ya mvua. Katika miombo iliyo kandokando ya mji yuko kiumbe ambaye mageuzi hayo humfikia kwa uchache tu. Ni mchwa, mwenye ngozi nyembamba mno, ambaye akiachwa juani hukauka akafa.

Kinga yake ni kichuguu. Humo hulima kuvu juu ya vipande vya miti alivyovitafuna, kilimo kilichoanza Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita, zamani sana kabla ya mwanadamu kushika jembe. Kuvu hiyo hutaka joto la karibu digrii 30 na unyevu mwingi. Basi udongo mnene huzuia joto lisipande wala kushuka kwa ghafula. Pumzi za wakazi na za kuvu yenyewe huongeza joto. Hewa nzito hupenya kwa vitundu vya ukuta. Na palipokauka huletwa udongo mbichi kutoka chini. Msimamizi hayupo. Mchwa mmoja huhisi upepo penye ufa, akaweka tonge la udongo. Mwenziwe huongeza la pili.

Lakini desturi hii ilizaliwaje? Atengenezaye hewa huwafaidi hata wavivu, na mvivu, kwa kuzihifadhi nguvu zake, angezaa zaidi. Hoja hiyo alitupiwa Mwingereza James Lovelock, aliyedai katika miaka ya 1970 kwamba viumbe vyote pamoja huirekebisha hali ya dunia nzima. Ni hoja nzito, na kwa dunia nzima haijapata jibu la kuridhisha. Kwa mchwa, jibu ni ukuta: faida hubaki ndani, na walio ndani aghalabu ni watoto wa malkia mmoja na mfalme mmoja. Kichuguu kilichojengwa vibaya hakitoi kumbikumbi wakati wa mvua za kwanza, na ujenzi wake haurithiwi.

Wafyatua matofali huupenda udongo huo, nao hukibomoa. Malkia akiisha kuuawa, kipande cha ukuta huweza kusimama masika kadhaa. Ndani yake, kuvu ya kigeni, ambayo mchwa walikuwa wakiipalilia kila siku, huifunika bustani yote.