Mtoto anapotaka injini ya bodaboda atengeneze gari la mashindano

Ifakara pikipiki iliyochakaa haitupwi. Fremu ikikatika au ikikunjwa na ajali, injini hutolewa na kuuzwa, na baadhi huishia kwenye guta la kubeba magunia ya mpunga kutoka shambani hadi mashineni. Kwa hiyo kijana wa kidato cha tatu wa Kibaoni alipomwomba baba yake injini ya Boxer iliyokuwa imelala nyuma ya nyumba, hakuomba kitu cha ajabu. Kilichowashtua wazazi ni kazi aliyoitakia: kigari cha mashindano, magurudumu manne na kiti kimoja, kama alivyoona kwenye simu.

Baba, aliyewahi kuendesha bodaboda kabla ya kurudi shambani, alifurahi kuona mtoto ana ubunifu. Mama alikataa palepale. Mdogo wake alivunjika mguu kwa bodaboda, na yeye ndiye aliyemuuguza wodini wiki baada ya wiki.

"Baba watoto, pikipiki moja ilitutosha," alisema.

"Tukimkataza hapa, mama, ataenda kuifanya vichochoroni na wenzake, sisi hatuoni," mumewe akajibu.

Kila mmoja alikuwa na hoja, na nyumba ikakaa kimya siku mbili.

Wazo la kijana lenyewe si geni. Mwaka 1946, Uingereza ikiwa bado na uhaba wa kila kitu baada ya vita, Charles Cooper na mwanawe John walitengeneza gari dogo la mashindano pale Surbiton. Waliunganisha vipande vya mbele vya magari mawili madogo ya Fiat, wakafunga injini ya pikipiki aina ya JAP ya cc 500 nyuma ya dereva, ikazungusha magurudumu ya nyuma kwa cheni. Mwaka 1948 kijana wa miaka 18, Stirling Moss, alianza kushindana na gari la Cooper la aina hiyo. Miaka ya 1959 na 1960 magari ya Cooper, wakati huo yakiwa na injini kubwa zaidi, yalitwaa ubingwa wa dunia wa Formula One.

Hadi leo wanafunzi wa vyuo vikuu hushindana kutengeneza magari madogo katika Formula SAE, mashindano yaliyoanzia Marekani mwaka 1981. Timu nyingi hutumia injini za pikipiki, kwa sababu ni nyepesi, na klachi na gia zimo humohumo ndani. Ukishafunga cheni, gari linaweza kwenda.

Kwenda si tatizo. Fundi wa kuchomelea magari ya aina hiyo mtaani aliwaeleza wazazi kwamba kigumu ni kusimama. Injini ikitolewa kwenye pikipiki, breki hubaki kwenye magurudumu ya pikipiki. Kigari kinahitaji breki zake. Injini hiyo haina gia ya kurudi nyuma. Tena imezoea kupozwa na upepo wa safari. Ikifichwa nyuma ya kiti bila njia ya hewa, hupata moto kupita kiasi.

Hapo mama akauliza maswali yake, na ndiyo yaliyoamua mambo. Cheni itafunikwa na nini, ili isinase suruali, kanga au vidole vya mdogo wake? Ekzosi itaelekea wapi, wakati kila mtu Ifakara anajua kovu la ndani ya mguu linalotokana na bomba la pikipiki? Petroli itawekwa wapi? Na mtoto akipinduka, injini itazimwa na nani?

Majibu yakawa masharti. Cheni na ekzosi zifunikwe kwa bati. Swichi ya kuzima injini iwe mahali ambapo dereva anaifikia, na mtu wa nje pia. Tangi lifungwe imara, mbali na ekzosi, na petroli isijazwe injini ikiwa ya moto. Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua mtu akidhani ana usingizi tu. Helmeti ni lazima, na ifungwe mkanda. Kwa waendesha pikipiki, tafiti zimeonyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69.

Sharti moja lilitoka kwenye kanuni za Formula SAE: dereva aliyefungwa mkanda lazima aweze kutoka garini ndani ya sekunde 5. Mzazi anaweza kulipima kwa simu yake, injini ikiwa imezimwa. Mtoto asipoweza, fremu irudi kwa fundi.

Na barabarani hapana. Kigari kisichosajiliwa hakina nafasi kati ya mabasi na malori ya mpunga. Kiendeshwe uwanjani, kwa ruhusa, watoto wengine wakiwa mbali na mtu mzima akiwa pale muda wote.

Mtu akiungua, jeraha limwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha lifunikwe kwa kitambaa safi. Lisipakwe dawa ya meno, yai wala mafuta. Malengelenge yasipasuliwe, na jeraha kubwa au la usoni, mkononi au kwenye kiungo lipelekwe kituo cha afya mara moja.

Kijana alikubali yote, likiwamo la mwisho kutoka kwa baba: fundi ataonekana Jumamosi tu, na matokeo ya shule yakishuka, injini inafungiwa stoo. Miezi miwili sasa, kigari kina fremu, usukani na breki. Injini bado haijafungwa. Baba amesema breki zijaribiwe kwanza kwa kukisukuma kwa mkono, na mama ndiye atakayesema kama zimeshika.