Kakamega hadi Kampala: Ubebe kadi ipi?

Msomaji, ukipanda matatu Kakamega alfajiri na kupita mashamba ya miwa ya Mumias, asubuhi hiyo hiyo utakuwa Busia, mji mmoja wenye serikali mbili. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe rasmi 2018, kugongesha pasi si taabu tena. Taabu ni pesa.

Wabadilishaji watakuzonga na mabunda ya noti. Shilingi 1,000 za Kenya huzaa zaidi ya 20,000 za Uganda, na sufuri hizo humlevya mgeni. Badilisha za nauli na chakula tu.

Zilizobaki, hasa za matumizi ya mwanao anayeingia Makerere, ziache benki. Lakini kabla ya safari nenda tawini uulize: kila nikitoa pesa nje mnakata ngapi, na katika kubadilisha mnaongeza asilimia ngapi? Makato ya kila mara yakiwa makubwa, toa kwa mkupuo. KCB na Equity zina benki dada Uganda. Uliza kama hilo litakupunguzia gharama. Kadi ya mkopo ilipie hoteli. Ukitolea taslimu, mara nyingi riba huanza siku hiyo hiyo.

Kisha mashine ya Kampala itakuuliza: tukukate kwa shilingi za Kenya? Kataa! Kiwango hicho ni cha wenye mashine, na kwa kawaida hukuumiza. Chagua za Uganda.

Muuza mitumba wa Owino, naye, hana haja na kadi yako. Mpelekee noti, tena ndogo ndogo.