Naingia Mlimani

Binti yangu wa mwisho alizaliwa Bombo, Tanga, Septemba 1994, na mpaka anaanza shule hakuna aliyeishughulikia siku hiyo. Kwetu Ngamiani uzazi uliosomewa ulikuwa wa Mtume. Tarehe ya mtoto ilikaa kwenye kadi ya kliniki. Ni yeye mwenyewe, akiwa darasa la pili, aliyerudi siku moja amelowa chapachapa, sare imemganda mgongoni, anacheka: wenzake wamemmwagia maji, eti ndivyo inavyofanywa. Nilimchapa kwa ajili ya sare, kisha nikampikia vibibi vya nazi. Ikawa ada yetu: ndoo ya maji uani, halafu vibibi.

Hakuwa mtoto wa kukaa. Ukimkosa juu ya mwembe, yuko Raskazone anajirusha baharini na wavulana. Nilidhani ukubwa utamtuliza. Mwaka 2015 akapanda basi la Moshi, akisema anakwenda kutafuta kazi ya hoteli. Haukupita mwezi nikasikia anabeba kilo 20 za mizigo ya wageni Kilimanjaro. Huyu ambaye kipupwe cha Tanga kilimtia ndani ya khanga mbili! Nilinuna, nakiri. Baadaye akasomea, akapata leseni ya kuongoza watalii.

Septemba wageni ni wengi, kwa hiyo siku yake ikawa inamkuta huko huko juu. Alipiga simu kutoka geti la Marangu: "Shikamoo mama. Naingia mlimani." Basi. Siku sita kimya, maana mtandao ulikuwa wa kubahatisha na baridi inafyonza chaji. Mimi nilipika vibibi, nikawaita watoto wa mtaani wakala, nikamwombea dua, nikalala. Siku ya sita: "Mama, nimeshuka." Wala sikuwahi kukosa usingizi.

Agosti 2022 TTCL ikafikisha intaneti mlimani, hadi Horombo, mita 3,720. Mwezi uliofuata, jioni ya siku yake, simu ikalia na sura yake ikatokea: kofia mpaka kwenye nyusi, midomo imepasuka, wapagazi wanaimba nyuma yake. Mmoja akanyata na kikombe cha maji, akammwagia kisogoni. Akapiga yowe lile lile la uani kwetu. Nilicheka hadi machozi, nikaita majirani waje waone.

Kumbe nilikuwa nakaribisha maradhi. Tangu hapo najua mengi mno. Najua saa sita usiku wanatoka Kibo kwa tochi, najua kileleni Uhuru ni mita 5,895, najua hewa huko ni haba. Nikituma ujumbe ukabaki na tiki moja, nakaa kitandani na tasbihi nahesabu hatua zake. Mwaka jana hakujibu tangu magharibi hadi asubuhi. Nilimpigia bosi wake mara nne, nikawaamsha na watu wa getini. Alipopatikana alinong'ona, "Mama jamani, nilikuwa nimelala." Wapagazi wanamtania mpaka leo.

Mwaka huu tumepatana. Ataniaga getini, atanipigia akishuka, na katikati hapo hakuna simu. Fedha ya bando nimenunulia mchele wa vibibi, na nimeshauloweka.